Orodha ya Kila Jumatatu

Ernestine Mukuna alikuwa akibatiza malori. Kila Jumatatu asubuhi, kabla pikipiki hazijajaa barabara za Dilala, mtaa mmoja wa Kolwezi, alifungua kontena lililokuwa ofisi yake, akawasha redio, akaweka chupa ya chai pembeni, na kuyapa malori manane majina mapya ya wiki nzima. Wiki moja yaliitwa kwa vyombo vya jikoni: Mwiko, Kinu, Sufuria, Kikapu. Wiki nyingine yaliitwa kwa vitu vya fundi cherehani: Sindano, Kifungo, Uzi, Mkasi. Aliwahi kutumia majina ya magonjwa, lakini mtindo huo haukufika hata Jumatano, kwa sababu dereva mmoja alikataa katakata kuitwa Surua mbele za watu.

Haukuwa mchezo. Malori yalipakia upande wa Kingamyambo, yakapita kando ya machimbo ya Musonoi, yakaelekea kwenye bohari ng'ambo ya mji. Moja lilibeba magunia ya kobalti, mengine chokaa, mengine mchanga. Yote yalikuwa mazito, yote yalifunikwa turubai la rangi moja, na hilo lilifanywa kwa makusudi. Pale kwenye mpando wa Musonoi, barabara inapopanda mlima, lori zito hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hapo vijana huruka juu, hupasua turubai kwa kisu, hutupa magunia chini, na dereva akishuka hukuta barabara tupu na watu waliosimama wakimtazama kwa huruma. Chokaa haina mnunuzi, kwa hiyo kijana hawezi kuhatarisha mguu wake kwa chokaa. Anataka kwanza kujua lori lipi ni lipi.

Na kusikia ni rahisi. Motorola, kama zinavyoitwa redio zote za mkononi, hupatikana sokoni, na mwenye subira hupata mawimbi ya kampuni yoyote ya ulinzi. Simu isingefaa, maana karibu na mashimo mtandao huja na kwenda, na simu humfikia mtu mmoja tu, wakati redio huwafikia wote kwa mara moja. Basi kampuni ilizungumza hewani ikijua kwamba nusu ya Kolwezi inasikiliza, na ilichoweza kuficha ni maana tu. Nakala za orodha zilikuwa tatu. Moja ilikaa kwa Ernestine, moja kwa chef René, mkuu wa kazi, na moja kwa Mechack, kijana aliyeongoza gari la walinzi lililosindikiza msafara. Madereva waliambiwa kila mmoja jina lake tu, mdomoni, wakati wa kutoka.

Kazi hiyo ilimkaa Ernestine. Alizaliwa hapo hapo Dilala, katika nyumba ya matofali ambayo kampuni ya zamani ya migodi ilimpa baba yake, na baba yake alikuwa mtu wa ubao wa simu. Miaka ishirini na sita aliketi mbele ya matundu, akichomeka waya huku na kuuchomoa kule, akiunganisha wakubwa na wakubwa wenzao. Nyumbani hakusema lolote alilosikia kazini, na watu walimheshimu kwa hilo. Binti alirithi nyumba, alirithi sauti tulivu, na alirithi mdomo uliofungwa, tena akauzidisha. Binti yake mwenyewe, Joyeuse, aliyekuwa akisomea uuguzi Lubumbashi, alilalamika kwamba mama yake hawezi kusema kwenye simu yuko wapi. Husema, "Niko pale pa siku ile." Mume wa Ernestine alikuwa amekwenda Kasumbalesa, mpakani, kwa wiki mbili, na huu ulikuwa mwaka wa tisa. Juu ya hilo pia Ernestine hakusema mengi.

Kwenye redio walimwita Mama Base. Sheria alizitunga yeye, akazibandika ukutani kwa mkono wake: hakuna majina ya watu, hakuna kutaja mzigo, hakuna salamu, maneno mafupi. Aliyekosea alikemewa hapo hapo hewani. Siku moja chef René mwenyewe alimtakia dereva safari njema, naye akamjibu kwamba redio haitumiki kwa sala. Watu walicheka wiki nzima, na René alicheka nao, ingawa si sana.

Halafu mizigo ya malori ikaanza kuibiwa kwa ufundi usio wa kawaida. Katika wiki sita vijana waliruka mara tano. Mara nne walilipata lori la kobalti lenyewe, bila kujaribu lingine. Mara moja tu waliangukia chokaa, na hata siku hiyo waliruka moja kwa moja kwenye lori moja, bila kusita. Majina yalikuwa yamebadilishwa kila Jumatatu. Ernestine aliongeza tahadhari, akayabadilisha na Alhamisi pia, lakini wizi ukaendelea.

Chef René alifunga mlango wa kontena, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mama Ernestine, liste yetu iko inatoka. Mutu moja anaipeleka inje. Iko mu mikono ya batu batatu tu, na mi sijajiibia mi mwenyewe. Ni nani?"

"Mi sijue, chef."

"Fikiri."

Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea wakati maneno yanatoka. Aliogopa. Walikuwa watatu, René amejitoa, wamebaki wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa yeye.

"Ndugu ya Mechack, ule Sadrack, njo eko anachimba ku Musonoi," alisema. "Lakini mi sijue."

Kile kipande cha mwisho hakikumsaidia mtu. Siku hiyo hiyo Mechack alinyang'anywa motorola, buti na koti la kazi, akarudi nyumbani na viatu vya kuazima. René alitangaza kwamba uchunguzi unaendelea, kwamba Jumamosi ya wiki ijayo mtu huyo atapelekwa polisi na karatasi zake zote, na kwamba yeyote ambaye mdomo wake umetoa siri ataondoka bila barua ya kazi. Kwa mtu wa kazi ya ulinzi, kuondoka bila barua ni kufungiwa milango yote ya mji.

Wiki iliyofuata malori yalipita salama, siku baada ya siku. "Unaona?" René alisema. "Tangu atoke, amani." Ernestine aliona, na akapumua.

Ushahidi ulitakiwa uwe kwenye karatasi. Kompyuta ndogo iliyounganishwa na redio ilikuwa ikihifadhi kila sauti, na René akamwagiza Ernestine asikilize wiki zote sita, aandike neno kwa neno kila kitu kilichosemwa siku za wizi, ili ionekane Mechack alipenyeza wapi ishara yake. Ilikuwa kazi ya kukaa na daftari na kurudisha sauti nyuma mara kumi. Hakuna mwingine ambaye angeiweza.

Jumatano, alipokuwa akifua uani, mke wa Mechack alikuja. Aliitwa Laure, alikuwa amebeba mtoto mgongoni, na alikataa kiti.

"Mama, banasema njo weye utaandika maneno ya bwana yangu."

"Njo mi."

"Basi andika tu ile yenye alisema. Usiongeze, usitoshe. Kama alikosa, itaonekana. Kama hakukosa, naye itaonekana."

"Nitaandika vile iko," Ernestine alisema.

"Sadrack bamemufukuza mu kikundi yake ku shimo. Banasema ndugu yake ataletea polisi. Mi naye, ku bomba ya maji hakuna mwenye ananisalimia." Laure alimrekebisha mtoto mgongoni. "Sikuye kukulomba kintu. Nilikuya kukuambia tu uandike muzuri."

Akaenda zake. Ernestine alimaliza kufua, akagundua baadaye kwamba shati moja alilisuuza mara tatu.

Kazi ya kusikiliza aliianza kesho yake asubuhi. Aliandika kwa kalamu ya bluu, mstari kwa mstari, nani alisema na nini alisema. Sauti za Mechack zilikuwa kama sheria zilivyotaka: fupi, kavu, bila ziada. "Tumepita." "Barabara iko safi." "Tunangoja." Alirudia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakukuwa na ishara. Ilipofika siku ya nne alikuwa ameacha kumsikiliza Mechack na ameanza kujisikiliza mwenyewe, kwa sababu sauti iliyojaa kwenye daftari ilikuwa yake.

*Mwiko, uko wapi. Sufuria, pita. Tata Kinu, uko wapi. Kikapu, ngoja.*

Akafunua nyuma. *Sindano, pita. Uzi, pita. Tata Kifungo, tunakuona.*

Akafunua nyuma tena, kwenye wiki ya vifaa vya shule, akakuta Tata Kifutio.

Kifungo, Kinu, Kifutio, wote walikuwa mtu mmoja. Alikuwa Tata Kalenga, dereva mkongwe kuliko wote, mwenye mvi na miwani iliyofungwa uzi. Zamani Kalenga aliendesha basi la wafanyakazi wa mgodi, na kwa miaka mingi alimshusha baba yake Ernestine mlangoni kila jioni. Ernestine alimwita tata, yaani baba, tangu ana umri wa miaka sita. Baba alipofariki, Kalenga alikaa siku zote za matanga kwenye benchi la uani na ndiye aliyewaambia watu wakati wa kwenda nyumbani ulipofika. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita Kinu hivi hivi, mbele ya vijana wanaomsikia. Ernestine hakuwahi kuamua kumwita tata kwenye redio. Neno lilitoka lenyewe, likapita katikati ya sheria zilizobandikwa ukutani, na aliyezibandika hakulisikia. Wala mwingine hakulisikia, kwa kuwa kila mmoja wao naye angemwita hivyo hivyo.

Na kwa kuwa Kalenga alikuwa mwaminifu na mtulivu, kampuni ilimpa yeye magunia ya kobalti.

Aliweka kalamu, akahesabu. Wizi mara tano, na siku zote tano Tata. Siku ya chokaa? Siku hiyo lori la Kalenga lilikuwa na breki mbovu, wakampa la chokaa, na yeye akamwita tata vile vile. Na hii wiki ya amani? Kalenga alikuwa Bunkeya, kwenye kilio cha dada yake. Majina yote yalibadilishwa kila Jumatatu na neno moja lilibaki, na hilo moja lilitosha.

Aliona aibu, aibu ya mwilini, masikio yakamwaka. Baada ya aibu ilikuja hofu. Alimfikiria Joyeuse na miaka miwili ya masomo iliyobaki, akafikiria barua ya kazi, akafikiria chef René akifunga mlango wa kontena. Kisha akachukua karatasi safi na kuanza kunakili upya, kwa mwandiko mzuri, bila lile neno. *Kinu, uko wapi. Kifungo, tunakuona.* Nani angeuliza? Ni neno la heshima tu, halina uzito, hata mtu akisikiliza sauti yenyewe lingempita kama lilivyowapita wote. Alijaza ukurasa mzima, na ulipendeza. Alipofika chini akaona kwamba ametosha, yaani ameondoa, jambo ambalo Laure alimkataza, na kwamba mtu atakayepelekwa polisi Jumamosi atapelekwa na karatasi hii. Akaichana vipande vinne, halafu vinane. Akachukua daftari lenye wino wa bluu na kuvuka uwanja kwenda kwa René kabla hajapata nafasi ya kufikiri zaidi.

René alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akasoma tena. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri kazi yake ilivyomruhusu, na hakupenda kuonekana mjinga.

"Kwa hiyo ni weye."

"Ni mi."

"Na weye njo ulinitajia Mechack."

"Ni mi tena."

René alirudi kwenye ukurasa wa kwanza. "Na mi, ule muzee, ninamuitaka nini?" aliuliza. Akajijibu mwenyewe. "Tata." Akafunga daftari. "Lakini ile inaweza kuwa bahati tu. Tutajaribu kesho. Liste nitaandika mi mwenyewe, hakuna mwenye ataiona. Kalenga atabeba chokaa, na balinzi batalala chini ya turubai. Kobalti tutamupa Gael. Na weye utasema vile unasemaka siku yote."

Gael alikuwa dereva mdogo kuliko wote, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumpa mzigo wa maana.

Ijumaa asubuhi Kalenga, aliyerudi kutoka Bunkeya jana yake na vumbi bado kwenye kola, aliitwa ofisini akaelezwa. Ernestine ndiye aliyeeleza, macho yake yakiwa kwenye daftari. Mzee alisikiliza bila kukatiza.

"Basi uniite tu ile jina ya liste," alisema mwisho. "Haina shida."

"Siwezi, tata."

"Jaribu."

René alimnong'oneza jina la siku hiyo. René hakuwa na ubunifu, alikuwa ameyapa malori majina ya wachezaji wa mpira kwa nafasi zao uwanjani.

"Beki," Ernestine alisema.

Kalenga alimtazama, akageuka akatazama mlangoni kama aliyetafuta anayeitwa, kisha akatabasamu kidogo. "Apana. Hata mi sikusikia kama ni mi." Akasimama, akavaa kofia. "Nitapanda na chokaa. Weye uniite vile unaniitaka. Lakini usilie mu radio."

Saa nne na nusu msafara ulitoka. Ernestine alikaa mbele ya redio, René nyuma yake. Alijua kwamba sasa anamtumia mzee wake kama chambo, na kwamba akinyamaza, Kalenga atapanda mlima salama na Mechack atapelekwa polisi. Alibonyeza kitufe.

"Kipa, pita. Winga, pita. Tata Beki, uko wapi?"

"Niko ku mupando," Kalenga alijibu. "Ninapanda."

Dakika mbili zilipita. Gael, mwenye kobalti, alikuwa lori la tatu nyuma, na akapita mpando wote akipiga mluzi. Kwenye lori la Kalenga waliruka vijana saba. Walinzi waliinuka kutoka chini ya turubai wakiwa weupe kwa chokaa kuanzia kichwani, na wawili kati ya vijana walikubali baadaye kwamba hapo walidhani ni wafu. Watatu walikamatwa. Wanne walikimbia, na mmoja wao, akikimbia, alirusha jiwe lililopasua kioo cha mbele na kumchana Kalenga juu ya jicho. Zilihitajika nyuzi tano kumshona. Ernestine alisikia kioo kikipasuka, kwa sababu Kalenga alikuwa bado ameshika kitufe, lakini Ernestine hakulia redioni.

Mmoja wa waliokamatwa alikuwa na motorola kiunoni, imewekwa kwenye mawimbi ya kampuni. René alimuuliza ni nani anayewauzia orodha. Kijana alionekana kutoelewa swali.

"Liste gani? Hatukununua kintu kwa mutu," alisema. "Tunangojaka tu mama aseme tata."

Jumamosi hakuna aliyepelekwa polisi kwa kosa la kuuza siri. Mechack aliitwa, akarudishiwa buti, koti na motorola, na René akamwambia kwa sauti rasmi kwamba kampuni imeridhika. Mechack alisaini mahali alipoonyeshwa. Alikuwa amekaa nyumbani siku tisa, na ndugu yake alikuwa bado hajapata kikundi kingine cha kuchimba nacho. Hakuuliza ni nani aliyemtaja. Laure alikuwa ameshajua, na alichojua Laure kilijulikana nyumbani.

Ernestine hakufukuzwa. René aliandika barua ya onyo, akaiweka kwenye faili, akamnyang'anya orodha kwa mwezi mmoja. Alisema ni huruma. Ukweli ni kwamba alikuwa amejaribu mwenyewe kukaa mbele ya redio asubuhi moja, na malori mawili yakakutana kwenye daraja la gari moja. Ernestine alishukuru, na alilala vibaya. Kilichomuuma si barua. Alitaka kumwomba Mechack msamaha, alikuwa ameyapanga maneno yote, na Jumamosi ile kijana alipita mbele ya kontena akitazama ardhi, maneno yakabaki yamepangwa.

René alimwita tena mchana huo huo.

"Kuanzia Lundi, hakuna tata mu radio. Umesikia?"

"Nimesikia, chef. Lakini itatoka tu. Nitajichunga siku mbili, siku ya tatu itatoka, na njo ile siku batamupasulia muzee jicho ya pili."

"Sasa tufanye nini? Tumufukuze juu ya mvi yake?"

Ernestine alikuwa amelifikiria hilo kwa siku nzima. "Kama siwezi kumutosha yee ile tata, basi tubape bote."

"Bote?"

"Kila mutu mu kamyo, kila mutu mu jeep. Bote tata."

"Hata Gael?"

"Hata Gael."

René alijikuna shingo. "Atavimba kichwa."

"Atazoea."

Kwa hiyo Jumatatu, saa mbili kasoro, mawimbi yale yalijaa wazee. Majina yalikuwa bado ya mpira, maana René alikuwa hajafikiria mengine. "Tata Kipa, toka." Alisikika Kalenga akisema ametoka, akiwa na bandeji juu ya jicho. "Tata Kiungo, toka." Huyo alikuwa Gael, akachelewa kujibu kwa sababu alikuwa akicheka, na Ernestine akamkemea kwamba tata mzima hacheki redioni. Moja baada ya jingine, malori manane yakapewa heshima sawa, la kobalti na la mchanga, na mtu aliyekuwa akisikiliza Musonoi siku ile alipata kazi ngumu.

Ikabaki gari la walinzi. Lilikuwa limesimama langoni, hatua hamsini kutoka kwenye kontena, na kupitia dirishani Ernestine aliona antena yake na kiwiko cha Mechack mlangoni. Anga lilikuwa jeupe, hakukuwa na mawingu wala mkoromo kwenye redio. Alibonyeza kitufe.

"Tata Winga, uko wapi?"

Kiwiko hakikusogea. Madereva wanane, injini zikiunguruma, walikuwa wakisikiliza.

"Rudia," Mechack alisema.

Ernestine akarudia. "Tata Winga, uko wapi?"

"Rudia."

Hapo akaelewa kwamba Mechack amesikia vizuri na anataka heshima aliyovuliwa irudishwe mbele ya wote, na wengine wote wakaelewa, kwa kuwa hakuna aliyeingilia. Hata René, aliyekuwa amesimama mlangoni na saa mkononi, aliacha kuitazama saa. Ernestine aliinuka kitini, ingawa hakuna aliyemwona. Akabonyeza kitufe na kusema polepole, neno baada ya neno, kila mmoja asikie.

"Tata. Tata Winga. Ni mi, Mama Base, njo ninakuita. Uko wapi?"

"Niko ku mulango," Mechack alisema. "Tunatoka."